Tumbo Laini, Halina Maumivu

Kwa miaka kumi na moja Dokta Fasta aliandika sentensi moja. Aliandika na mengine, ndiyo: kikohozi siku tatu, homa siku mbili, majina ya dawa, tarehe. Lakini hii moja aliiandika karibu kwa kila mtu aliyekaa kwenye kile kiti cha plastiki cha chumba namba tatu. Tumbo laini, halina maumivu likibonyezwa. Mkono wake uliizoea kiasi kwamba angeweza kubishana na sista kuhusu mpira huku kalamu ikijiendea yenyewe mpaka kwenye nukta.

Jina la Fasta alipewa na benchi. Kituo kile cha afya kilikuwa na madaktari wawili wa kuona wagonjwa wa nje. Wa kwanza walimwita Profesa, kwa sababu ukienda na jino anataka kujua babu yako alikufa na nini. Foleni ya Profesa ilikuwa haisogei. Watu walisinzia pale, wakaamka, wakajuana mpaka na wakwe. Ya Fasta ilikwenda. Unaingia, unasema, unatoka na karatasi ya dawa kabla jua halijawa kali. Kina mama walikuwa wanambembeleza dada wa mapokezi, nipeleke namba tatu mwenzangu, nimeacha sufuria jikoni. Bosi alimpa Fasta cheti cha mfanyakazi bora mara tatu, na mara zote hotuba ilikuwa ileile: wengine waige.

Sasa, kasi ile ilikuwa na namna yake. Mgonjwa akikaa, Fasta alikuwa hafungui faili. Alikuwa na kijikaratasi anachoandika namba, kinachouma, na dawa. Basi. Mafaili yenyewe aliyafunga saa tisa alasiri kwenye meza ya masista, rundo zima, na chai pembeni. Hapo ndipo anaandika alichomwuliza mgonjwa, alichokiona, alichobonyeza. Mgonjwa wa saa mbili asubuhi anaandikwa saa tisa na nusu. Profesa naye alifanya hivyohivyo, polepole tu. Tusidanganyane, watu sitini kwa siku, ama unaandika ama unaangalia. Huwezi yote mawili.

Jumanne moja akaja fundi wa kuchomelea mageti, kijana wa miaka ishirini na tisa, ameletwa na kaka yake ambaye ni kinyozi. Tumbo lilikuwa linamuuma tangu jana yake. Alikuwa mtu wa hamsini na moja kati ya sitini na tatu. Akatoka na dawa za vidonda vya tumbo. Ijumaa wakamkimbiza hospitali kubwa, wakampasua, wakakuta kidole tumbo kimeshapasuka na usaha umetapakaa. Jumapili akafa.

Fasta aliyajua hayo siku tatu baadaye, kupitia simu ya mke wake. Mke wake ni mwalimu, na mwalimu mwenzake ndiye aliyemtumia. Ilikuwa picha ya Fasta siku ya cheti, anacheka meno yote nje. Chini yake kinyozi ameandika: Huyu ndiye aliyemuua mdogo wangu. Alimwona dakika tatu. Hakumgusa hata kwa kidole.

Wakashuka watu. Mmoja aliandika, fasta kweli, fasta mpaka kaburini. Mwingine, mimi huyu aliniandikia dawa sijakaa vizuri. Mwingine akamtetea, jamani aliniokolea mwanangu, akatukanwa mpaka akafuta. Wa nne alitaka vyeti vikaguliwe, yeye mwenyewe picha yake ilikuwa ya gari lisilo lake.

Fasta alisoma maoni kama arobaini, akailaza simu kifudifudi mezani, akaenda kupiga viatu dawa. Alikuwa anasubiri kuumia. Alisubiri kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino anavyosubiri mdomo urudi. Viatu vikang'aa, mdomo haukurudi.

Kesho yake benchi la namba tatu lilikuwa na watu tisa, wote wazee wasio na simu. La Profesa lilifika getini. Bosi akamwita ofisini, akamwuliza habari za nyumbani, habari za wanawe mapacha, akazunguka weee, mwisho akasema apumzike kwanza.

"Kupumzika mpaka lini?" Fasta akauliza.

"Mpaka upepo utulie, dokta. Mimi binafsi sina neno na wewe."

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya baraza la madaktari. Alitakiwa kufika mbele ya kamati ya nidhamu, miezi mitatu mbele, kujibu kwamba alimtibu mgonjwa wa tumbo bila kumpima tumbo. Wakimkuta na kosa, leseni inachukuliwa. Na bila leseni yeye si daktari, ni mtu mzima tu anayejua majina ya mifupa.

Nyumbani akawa anaamka saa kumi na mbili kama kawaida, anaoga, anavaa, anakaa. Jirani alikuja kumpa pole, akasema sisi tunajua umeonewa dokta, na kwa kuwa uko hapa hebu niangalizie presha. Fasta akamwangalizia. Ilikuwa juu. Alimwandikia dawa kwenye bahasha ya shule ya watoto, kisha akakumbuka kwamba yuko likizo, akaichana bahasha akamwambia aende kwa Profesa.

"Kwa Profesa?" jirani akasema. "Si nitafia kwenye foleni."

Chama cha madaktari kilimpa wakili, dada mmoja mwenye sauti ya kushuka, anayekula karanga huku anasoma. Alisoma nakala ya faili la fundi mara mbili, akapangusa vidole.

"Dokta, hili faili limekuokoa."

"Kivipi?"

"Si hili hapa. Tumbo laini, halina maumivu likibonyezwa. Umeandika, umesaini, tarehe ileile. Tumbo lilikuwa sawa Jumanne, likaharibika baadaye. Inatokea. Hata vitabu vyenu vinasema inatokea." Akamtazama. "Ulimbonyeza, si ndiyo?"

Fasta akatazama ile sentensi. Mwandiko ni wake.

"Imeandikwa," akasema.

"Vizuri. Wakikuuliza, ndiyo, nilimbonyeza, na nukta. Usianze kuhadithia. Madaktari mkianza kuhadithia mnajichimbia wenyewe."

Basi akarudi nyumbani akaanza kuitafuta ile Jumanne. Aliikumbuka vizuri mno. Alikumbuka feni ilikuwa inapiga kelele kama inasaga mawe. Alikumbuka mtoto aliyemtapikia kwenye kiatu cha kushoto, na bibi yake mtoto akisema samahani mwanangu, samahani, huku anapangusa kiatu kwa kanga yake. Alikumbuka mzee mmoja aliyekataa kuvua kofia. Fundi hakuwepo. Alimtafuta kwenye kile kiti, akamweka makusudi, akampa shati, akampa mikono yenye makovu ya moto kama mafundi wote wa kuchomelea. Akajiona ananyanyuka, anamlaza kitandani, anabonyeza. Halafu akajiona hanyanyuki. Picha zote mbili zilikaa sawasawa, hata moja haikuwa na uzito kuliko nyingine.

Sista Mkuu, mama wa makamo aliyeendesha kile kituo kwa kukunja uso tu, alikuja kumwona siku ya Jumamosi na mfuko wa machungwa.

"Umekonda, Fasta. Mke wako hakupi chakula au unakitazama tu?"

"Nakitazama."

"Haya. Kituo kizima tuko nyuma yako. Wakitaka shahidi, mimi nitasema nilipita mlangoni nikakuona umemwinamia yule kijana unampima."

"Ulipita?"

"Mimi napita mlangoni kwako mara ishirini kwa siku. Mojawapo haiwezi kuwa ile?"

Fasta akamenya chungwa, hakulila. "Sista, siku kama ile nabonyeza matumbo mangapi?"

"Usiniulize hilo, kesho naambiwa niape."

"Hakuna wakili hapa."

Sista Mkuu akavuta pumzi. "Matano. Siku nzuri sana, sita. Kwani ungembonyeza kila mtu foleni ingeishia wapi? Si ingefika barabarani." Kisha akacheka, kicheko cha watu waliofanya kazi pamoja muda mrefu. "Unamkumbuka yule mjamzito mwaka juzi? Miezi minane, tumbo limetangulia mlangoni, yeye anafuata. Amekuja na sikio. Ukamwandikia tumbo laini, halina maumivu. Tulicheka wiki nzima pale mezani."

Fasta naye alikuwa amecheka wakati ule. Alikumbuka kabisa kwamba alicheka, na kwamba baada ya kucheka aliliacha faili vilevile, kwa sababu chini yake yalikuwepo mengine thelathini.

Mke wake hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku mbili kabla ya kamati alimaliza kusahihisha madaftari, akaweka kalamu nyekundu, akamgeukia.

"Baba Pacha, nikuulize kitu, na usinijibu kama wakili."

"Uliza."

"Ulimgusa?"

"Sijui."

"Hujui kivipi? Mtu unamgusa au humgusi."

"Mama Pacha, sijui."

Akamtazama muda mrefu kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili majibu ya mwenzake. "Sawa. Huku ndani hujui. Kule nje unajua. Watoto wanataniwa shuleni, mmoja kaanza kujifanya mgonjwa asubuhi ili asiende. Wewe umekaa hapa kama kabati. Sema ndiyo, urudi kazini. Faili linasema ndiyo, sista anasema ndiyo. Umebaki wewe tu."

"Nitasema ndiyo," Fasta akasema. Alimaanisha. Alijaribu kuisema bafuni siku iliyofuata, mbele ya kioo, na ilitoka vizuri, kama jina lake.

Kamati ilikaa ghorofa ya pili, chumba chenye meza ndefu na kiyoyozi kinachodondoshea maji kwenye beseni. Walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja, daktari wa upasuaji aliyestaafu, mikono yake midogo imelala mezani imetulia. Kinyozi alikaa upande wa pili. Fasta hakuwahi kumwona, au kama alimwona hakumbuki. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mistari ya mikono ingekata karatasi.

Akaulizwa alichokiona. Akasimama.

"Tuliingia. Mdogo wangu akakaa, mimi nikasimama nyuma yake. Daktari hakuinua hata kichwa. Mdogo wangu akasema tumbo, daktari akaandika. Mdogo wangu akasema limeanzia hapa kitovuni, daktari akaandika. Akatupa karatasi. Hakumgusa. Hata kwa kidole hakumgusa."

Wakili akaweka karanga zake kwenye mkoba, akanyanyuka. Alimpa pole ya msiba, na ilisikika ya kweli. Kisha akauliza kama alikuwa mle chumbani muda wote.

"Ndiyo."

"Wote kabisa? Kuna karatasi hapa ya kampuni ya simu, uliyoileta mwenyewe kuonyesha saa mliyofika. Inaonyesha ulipokea simu saa sita na dakika kumi. Mlikuwa ndani?"

Maji yakadondoka kwenye beseni.

"Nilitoka kidogo. Mteja alikuwa anaulizia kama nimefungua. Nilisimama hapo nje mlangoni."

"Kwa muda gani?"

"Kidogo."

"Mlango ulikuwa wazi au umefungwa?"

"Umefungwa," kinyozi akasema, kwa sauti ambayo mwenyekiti alimwomba airudie. "Umefungwa."

"Asante. Sina swali lingine."

Wakili akakaa, akamgusa Fasta mkono chini ya meza. Hata mtu asiyejua sheria angeona mambo yamekwisha. Shahidi mwenyewe alikuwa nje, faili liko ndani. Kilichobaki ni neno moja, na lilikuwa tayari mdomoni.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Dokta, mimi sitakusumbua. Nimesoma faili lako. Nataka kukusikia mwenyewe. Huyu kijana ulimbonyeza tumbo?"

Ukitegemea kwamba hapo moyo wa Fasta ulimpasuka, dhamiri ikamwamka, machozi yakamlenga, hapana. Hakusikia kitu. Aliona mikono ya yule mama juu ya meza, akaona beseni limekaribia kujaa, akawaza kwamba mtu angelimwaga. Alikuwa amechoka tu. Na lile lilikuwa swali moja ndani ya miezi minne ambalo jibu lake alikuwa nalo, alishampa mke wake mara mbili, halihitaji kufikiriwa.

"Sijui," akasema.

Wakili akafumba macho.

"Hujui?" mwenyekiti akauliza.

"Sikumbuki. Imeandikwa nilimbonyeza, lakini ile sentensi naiandika kwa kila mtu. Nafunga mafaili jioni. Nabonyeza watu watano, naandika sitini. Mwaka juzi niliandika hivyo kwa mjamzito wa miezi minane aliyekuja na sikio."

Mjumbe mmoja alikohoa, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa anaficha kicheko, kisha akaacha kuficha kwa sababu hakikuwa kicheko tena. Wote watatu walikuwa madaktari. Kila mmoja aliwahi kuwa na meza yake na chai yake na rundo lake. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta kwa ncha ya gauni, akaifuta sana.

"Unaelewa ulichokisema?" akamwuliza.

"Naelewa."

Wakatolewa nje wasubiri. Wakili hakumkaripia. Alisema tu, "Kaka yangu, ulikuwa umeshafika nyumbani, ukarudi barabarani kulala," akaenda mwisho wa korido kupiga simu.

Baada ya dakika arobaini wakaitwa. Leseni ilisimamishwa mwaka mmoja. Akitaka kuirudisha atafanya kazi miezi sita chini ya daktari mwingine, kama mwanafunzi. Faili la fundi lisihesabiwe kuwa ushahidi wa kupimwa. Kuhusu kifo chenyewe, kamati haikuweza kusema kama mkono wa daktari siku ile ungegundua kitu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema mkono huo ulifanya nini. Karani akampa karatasi ya kusaini. Akasaini.

Korido ilikuwa na benchi moja. Fasta alikaa kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Kinyozi akaja, akasimama, halafu naye akakaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Kwa hiyo na wewe hujui," kinyozi akasema.

"Sijui."

"Mimi niliandika kule kwenye simu kwamba hukumgusa hata kwa kidole. Sikuona. Nilikuwa nje naongea habari za kunyoa." Akatazama viganja vyake. "Nilipoingia tena, alikuwa anafunga mkanda. Nimeiwaza hiyo. Mtu anafunga mkanda kwa nini kama hajalala kitandani? Halafu nawaza, labda mkanda ulikuwa unambana tumbo akaulegeza mwenyewe. Alikuwa anaulegeza njiani pia."

Fasta akajaribu kuuona mkanda. Hakuuona.

"Ungesema hukumgusa ningekuchukia vizuri," kinyozi akaendelea. "Ungesema ulimgusa, basi ningejua ni siku yake. Sasa umeniacha hapahapa."

"Samahani."

"Hiyo samahani unaiandika kwa kila mtu?"

Kinyozi hakungoja jibu. Alitoa simu, akapekua, akamsogezea. "Huyu hapa."

Ilikuwa picha ya kijana mrefu mbele ya geti jipya jekundu, ameweka mkono juu yake kama mtu anayemshika ng'ombe wake. Miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Fasta aliishika ile simu kwa mikono miwili akaangalia muda mrefu. Aliangalia macho, masikio, namna alivyosimama. Kioo kikazima, kinyozi akakigusa kikawaka tena.

"Umemkumbuka?"

"Hapana."

Kinyozi akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. "Alikuwa muongeaji. Hata pale kwako lazima aliongea. Angekuuliza kiti chako kimechomelewa na nani."

"Kile ni cha plastiki."

"Angeuliza tu."

Akachukua simu yake. Alisema ana wateja wanamsubiri, akanyanyuka, akalinyoosha lile shati lake, akashuka ngazi bila kuaga. Fasta alibaki na benchi. Mguu ulianza kuchomachoma. Simu yake ikaita, mke wake.

"Ehe?"

"Mwaka."

Kwa mbali kengele ya shule ililia, watoto wakapiga kelele za kutoka madarasani. Akamsikia mke wake akiwafukuza dirishani.

"Ulisema ulichoniambia mimi," mke wake akasema. Haikuwa swali.

"Ndiyo."

Akamsikia akifunga dirisha.

"Umekula?"

"Hapana."

"Rudi nyumbani basi," akasema, "na upitie shuleni kwao uwachukue mapacha. Ingia mpaka ndani, wasikusubiri getini," akakata.